Funika Jibu Kwanza

Agosti 4

…na hapana, Manang Sela, bado sikubaliani nawe. Ulinivuta sikio kwenye ngazi za kanisa, mchele waliotumwagia wageni ungali kwenye nywele zangu, ukaninong'oneza kwamba ikifika wiki ya tatu nitaanza kuziona kasoro zake. Wiki ya tatu imefika. Nimetafuta. Nimemtazama akila, akinyoa ndevu, akilala mdomo wazi. Anakoroma kidogo, lakini anakoroma kwa adabu.

Basi hili ndilo daftari tuliloahidiana. Wewe andika lako huko Silay, mimi langu hapa Molo, tukionana tubadilishane. Dada na mdogo wake hawafichani kitu.

Cha kwanza: Pin wangu anasoma. Delfin Sumagaysay, mume wangu (niache niandike tena: mume wangu), anaamka kabla ya jogoo wa jirani, anakaa kwenye meza ya jikoni na rundo la fotokopi nene kama tofali. Ni maswali ya uimara wa vifaa: fimbo ya chuma ikivutwa, boriti ikilemewa, nguzo ikibanwa, lini itapinda, lini itakatika. Kila swali lina jibu lake, limefanyiwa kazi hatua kwa hatua kwa mwandiko wa Manong Teopisto, binamu yake mkubwa, yule aliyeshika nafasi ya sita nchi nzima. Pin anasoma, anatikisa kichwa kukubali, anafungua ukurasa. Mimi naosha vyombo polepole ili nimtazame.

Mtihani wa leseni ya uhandisi ni wiki ya kwanza ya Novemba. Ameshaanguka mara mbili. Akianguka ya tatu, sheria inamrudisha darasani mwaka mzima kabla hajaruhusiwa kujaribu tena, na nafasi ambayo Manong Teopisto anamwekea kwenye ujenzi wa daraja haitamngoja. Nasi tutabaki katika chumba hiki nyuma ya jiko la mama yake.

Lakini hataanguka. Ungemwona anavyotikisa kichwa!

Agosti 5

Mvua. Pin amesema nina visigino vizuri. Nani mwingine duniani angeviona visigino?

Agosti 11

Nanay, mama mkwe wangu, hutengeneza vikaratasi vya unga vya kufungia nyama ya supu. Nusu ya migahawa ya Molo hununua kwake. Ananifundisha, lakini kwa namna ya mtu anayemfundisha mwizi kufungua mlango.

"Unasukuma donge kama unafukuza mende," aliniambia leo. "Taratibu! Unga una moyo."

Nikacheka. Hakucheka.

"Mwanangu alianguka mara mbili akiwa kapera," akasema bila kuinua macho. "Watu wakasema bahati mbaya. Akianguka akiwa ameoa, unadhani watasema nini?"

Sikumwambia Pin. Nimekuandikia wewe.

Agosti 19

Mvua. Viatu vimeota ukungu.

Septemba 2

Fotokopi zimefifia. Ni nakala ya nakala ya nakala. Kuna kurasa ambazo tarakimu zimebaki kama nyayo za kuku. Nikamwambia Pin nitazinakili upya kwa mkono, zote mia mbili na kumi. Unaujua mwandiko wangu, masista walikuwa wakiubandika ukutani. Aliniinua juu nikagonga kichwa kwenye taa.

"Inday," akasema, kwa lile jina la kubembeleza analoniita, "nitapasi kwa mwandiko wako."

Nanay akakohoa kutoka sebuleni. Katika nyumba hii hata kikohozi kina maneno yake.

Septemba 6

Nimefika swali la thelathini. Manang, usinicheke: yananivutia. Mkazo, kumbe, si kitu cha kutisha. Ni nguvu inayovuta, ukiigawanya kwa eneo la kitu kinachovutwa pale kilipokatwa. Uzi na kamba vikibeba mzigo mmoja, uzi unaumia zaidi kwa kuwa mwembamba. Hilo ningeweza kulijua hata bila shule.

Jioni nilimwimbia Pin namba ya swali naye akaniimbia jibu bila kutazama. "Namba kumi na saba!" "Mia moja ishirini na tano!" "Ishirini na mbili!" "Nukta sifuri nane!" Hakukosa hata moja. Nikambusu kwa kila jibu. Ulikuwa mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kucheza.

Septemba 9

Kuna kitu na sijui nifanye nini.

Swali la arobaini na tatu. Fimbo ya chuma ya duara, kipenyo chake milimita ishirini, inavutwa kwa nguvu ya nyutoni elfu hamsini. Tafuta mkazo. Manong Teopisto ametafuta eneo la duara. Ameandika ishirini mara ishirini mara pai. Nikaandika nami, kalamu ikaenda mbele, halafu ikasimama yenyewe.

Kipenyo ni ishirini. Nusu yake ni kumi. Ilipaswa kuwa kumi mara kumi! Sista Anunciata alinichapa rula kwa kosa hili hili kidato cha pili, na kidole bado kinakumbuka.

Nilipiga hesabu mara tatu. Jibu la karatasini ni thelathini na tisa nukta nane. La kweli ni mia moja hamsini na tisa, mara nne yake. Fimbo ambayo karatasi inasema imepumzika, kumbe imekazwa mara nne zaidi.

Si kosa linalonitetemesha. Kila mtu hukosea. Kinachonitetemesha ni kwamba juzi nilimwimbia "arobaini na tatu!" naye akaimba "thelathini na tisa nukta nane!" nami nikambusu. Miaka mitatu ameisoma karatasi hiyo. Miaka mitatu ametikisa kichwa.

Septemba 10

Nimemwambia. Nilichagua vibaya: mezani, mchana, Nanay akigawa samaki.

"Pin," nikasema, "arobaini na tatu ina kosa."

"Kosa la kunakili. Rekebisha tu."

"Si langu. Ni la Manong Teopisto."

Nanay akaweka mwiko chini. "Teopisto? Wa sita nchi nzima?"

"Nanay, ni eneo la duara tu, mtu yeyote—"

"Mtu yeyote!" Akamgeukia mwanawe. "Umesikia? Umeoa profesa. Mbona hukutuambia, tungeandaa nguruwe wawili."

Pin aliichukua karatasi. Nilimtazama akisoma, na kwa mara ya kwanza nikakiona kile kichwa kinavyotikisika. Kinatikisika kabla macho hayajafika mwisho wa mstari! Anatikisa kwa kuwa anautambua mstari, kama unavyomwitikia jirani barabarani bila kusikia alichosema.

"Sioni kosa," akasema.

"Soma swali tena. Kipenyo."

"Inday, karatasi hii imepasisha watu mia."

"Na wewe imekupasisha?"

Ilitoka, Manang. Ilitoka mdomoni mwangu mimi niliyeandika hapo juu kuhusu visigino. Pin akasimama, akachukua mwavuli, akatoka. Samaki wake alibaki sahanini, na Nanay akamfunika kwa sahani nyingine, polepole, kama anayefunika maiti.

Septemba 11

Hajasema kitu.

Septemba 12

Amesema "chumvi". Nimempa.

Septemba 13

Mvua. Nimekumbuka ulichosema kwenye ngazi za kanisa. Sitaki kuandika zaidi.

Septemba 20

Tufani imepita jana. Tumepona sote, usihofu, lakini imeondoka na mabati matatu ya jikoni. Maji yaliingia moja kwa moja kwenye kasha la karatasi. Nilizonakili nilikuwa nimezilaza chini ya godoro, zimesalimika, arobaini na tatu. Fotokopi zimekuwa uji. Zilizobaki nyingi ni nusu: swali lipo juu, jibu limeyeyuka.

Asubuhi nilimkuta Pin sakafuni kati ya karatasi zilizoanikwa, ameshika ukurasa mmoja. Boriti, mzigo katikati, nguzo mbili. Mistari miwili ya jibu ilisomeka. Chini yake doa la bluu.

"Hii naijua," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu kwa siku kumi. "Namba sitini na nane. Jibu ni kumi na mbili nukta tano."

"Basi andika hatua zilizopotea."

Akachukua kalamu. Akaandika mistari ile miwili tena. Akasimama. Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo, nikahesabu mpaka sitini, nikaacha kuhesabu.

"Mwisho ni kumi na mbili nukta tano," akarudia kwa sauti ndogo.

"Najua, mpenzi. Katikati?"

Aliweka kalamu chini, akaufunika uso kwa viganja. "Inday, mimi sijui chochote. Kila mara nilitoka kwenye mtihani nikicheka. Niliwaambia wote ulikuwa mwepesi, kwa sababu nilikuwa nayatambua maswali. Nilikuwa nayatambua yote!"

Nilikaa sakafuni kwenye maji, nikamshika. Manang, nilimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi. Zimebaki wiki sita na siku chache.

Septemba 22

Nimekata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni. Inafunika jibu lote. Pin anasoma swali, anachora mchoro wake, anasema hatua ya kwanza ni ipi na kwa nini. Akishasema, ndipo nashusha kadi mstari mmoja. Akikosa, hatuendelei mpaka ajue amekosea wapi. Akipata lakini hajui kwa nini amepata, hatuendelei pia.

Mimi kazi yangu ni kadi na neno moja: "Kwa nini?"

Leo tumefanya maswali mawili. Zamani alikuwa akisoma thelathini kabla ya chai.

Septemba 24

Mawili. La pili hatukulimaliza.

Septemba 27

Matatu. Alitupa kalamu ikamgonga paka.

Oktoba 3

Tumekwama siku nzima kwenye mahali chuma kinapokubali kushindwa. Ukikivuta kidogo kisha ukakiachia, kinarudi urefu wake. Ukikivuta kupita hapo, hakirudi tena, ingawa bado hakijakatika. Pin aliimba maelezo yote kama kasuku.

"Kwa nini hakirudi?"

"Kwa sababu kimepita kikomo."

"Kikomo ni nini?"

"Ni pale ambapo hakirudi."

"Unazunguka mti uleule, Pin!"

"Mnamtesa nani huko?" Nanay akaita kutoka kwenye meza yake ya unga. "Tangu asubuhi kwa nini, kwa nini. Mke au polisi?"

Pin akanyanyuka kwa hasira akaenda kunywa maji. Akasimama karibu na mama yake, akamtazama akivuta donge. Nanay alilivuta kwa vidole viwili, akaliachia, likarudi. Akalivuta tena mbele kidogo, likabaki hapo limenyooka, jembamba, limelegea.

"Nanay," Pin akasema, "umejuaje pa kuishia?"

"Mkono unajua. Mwanzo linabishana nawe. Halafu linaacha kubishana. Likishaacha, umelipata umbo, lakini usilidai lirudi. Na ukizidi hapo, linachanika. Na wewe ukinizibia mwanga, utachanika."

Pin alikuja mbio mezani akachora mstari: unapanda wima (unabishana), unalala (umeacha kubishana), kisha unakatika. Ni ule mchoro uliokuwa kwenye kila karatasi ya Manong Teopisto, na alikuwa ameuchora mara mia. Leo alikuwa akiuchora kwa mara ya kwanza.

Nanay alimtazama, akarudi kwenye donge lake. Usiku huu kwenye chakula amenipa kichwa cha samaki, ambacho siku zote humwekea Pin.

Oktoba 4

Maswali sita! Na amenibusu kwenye shingo katikati ya la tano, mbele ya boriti na nguzo zote.

Oktoba 12

Manong Teopisto amekuja. Kumbe habari za kadi zimefika kwenye ujenzi wa daraja.

"Nasikia kuna watu wanasahihisha injili yangu," akasema akivua kofia. Alikuwa anacheka, lakini macho hayakuwa yanacheka.

Pin alijikunja kama mtoto wa shule. Nikadhani atanikana, na nilikuwa tayari kumsamehe. Akasema, "Manong, ni mke wangu aliyeona. Mimi nilithibitisha. Namba arobaini na tatu." Akaifungua karatasi mbele yake.

Manong aliisoma mara moja. Akaisoma tena. Akakaa.

"Hii niliiandika asubuhi moja nikingoja basi," akasema. "Sikuipiga hesabu upya. Wamenakili wangapi?"

"Mia, mia mbili," Pin akasema.

"Na wote wanaijua kwa moyo?"

"Wote."

Manong akajipangusa uso kwa kofia. "Mungu wangu. Na wengine tayari wanajenga." Alinigeukia. "Kuna nyingine, Inday?"

"Mpaka sasa nne, Manong."

Nanay, mlangoni, alijifanya anapanga vikapu.

Akiondoka alimwambia Pin faraghani, lakini jiko letu halina faragha: "Nafasi naweza kuishikilia mpaka Desemba tu. Wakubwa wanataka jina lenye leseni. Unanielewa?"

Pin alielewa. Leo amekosa maswali yote ya jioni.

Oktoba 21

Homa. Siwezi kushika kalamu.

Oktoba 25

Nimeamka leo naweza kukaa. Sikiliza hili. Juzi nikiwa nimelala, kichwa kimejaa nyuki, nilisikia sauti jikoni.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu, Nanay, upande wa juu wa boriti unabanwa na wa chini unavutwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inapinda kuelekea chini."

"Kwa nini?"

"Nanay, hapo jibu limekwisha!"

"Mimi nitajuaje? Mkeo aliniambia niseme kwa nini na nishushe kadi. Haya, rudia. Kwa nini?"

Mikono yake ilikuwa na unga, kadi imekuwa nyeupe yote. Nilijigeuza ukutani nikacheka mpaka nikalia. Sijui ni lini nilimwambia afanye hivyo. Pin anasema sikuwahi kumwambia.

Novemba 1

Sikukuu ya watakatifu wote. Tumeshinda makaburini na mishumaa na wali wa kunata, kama watu wote. Nanay alimsafishia marehemu mumewe jiwe, akakaa kando yake kwa muda mrefu. Pin alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kaburi la jirani, anachora boriti kwenye karatasi ya mishumaa.

"Mwambie baba yako aombe," Nanay akamwambia.

"Aombe nini, Nanay? Mambo mengine bado siyajui."

Uso wa Nanay ulibadilika. Mwaka jana na mwaka juzi, mahali hapa hapa, Pin alikuwa amesema: nipo tayari, Nanay, usiogope. Njiani kurudi Nanay aliniuliza, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, "Inday, tumemharibu?"

Zamani Pin alikuwa na furaha. Mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Novemba 7

Siku ya kwanza ya mtihani. Hesabu na upimaji. Amerudi, amekula, amelala.

Novemba 8

Siku ya pili. Uimara wa vifaa na ujenzi, saa tano nzima.

Nilimngojea kwenye lango na mwavuli. Wenzake walitoka kwanza, wanacheka, wanapigana mabega. "Zilezile za Teopisto!" mmoja akapiga kelele. "Nimeshinda!" Pin alitoka karibu na mwisho. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Vipi, mpenzi?"

"Sikulitambua hata moja."

Tukatembea mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Hapo akasimama, akaanza kuhesabu kwa vidole. "Kumi na nane nina hakika nazo. Nilifanya kazi kutoka mwanzo, nikakagua. Tano nilipata nusu njia, nikachagua kwa akili. Saba sijui, nimebahatisha. Moja najua nimekosea, nilijua nilipokuwa nashuka ngazi, nilisahau uzito wa boriti yenyewe."

"Inatosha?"

"Kwa somo hili, labda. Nikijumlisha na jana, labda kwa alama moja au mbili. Sijui, Trining." Aliniita jina langu. "Sijawahi kutoka nikiwa najua kitu nisichokijua."

Nanay alipomwona mlangoni hakuuliza. Aliweka supu mezani. Alikuwa ameandaa bakuli kubwa, la sherehe, kisha nikamwona akilirudisha kabatini na kuchukua la kila siku.

Novemba 10

Mvua.

Novemba 12

Mvua. Pin amelifanya swali la boriti aliyosahau uzito wake. Mara tatu, kwa njia tofauti kila mara. Halafu amempatia Nanay mabati mapya ya jikoni. Mtihani hatuuzungumzii.

Novemba 16

Redio ilisema majina yatasomwa leo saa nane mchana. Tulikaa watatu. Msomaji alikuwa mzee mwenye mafua. Akasoma A, akasoma B, akakohoa. Waliopita ni wachache mwaka huu, alisema. Kwenye M Nanay alianza rozari. Kwenye P nilishika goti la Pin, lilikuwa gumu kama nguzo. Akafika R, Ramos, Regalado, Robles—

Umeme ukakatika. Mtaa mzima.

"Yesu, Maria na Yosefu!" Nanay akarusha rozari. "R! Si wangeweza kukata kwenye B?"

Pin aliangua kicheko, nami nikacheka, na tulicheka watatu kama wendawazimu mpaka Nanay akaanza kulia. Umeme umekataa kurudi. Wenzake wawili kati ya wale waliocheka langoni, majina yao yanaanza kwa B na L. Hayakusomwa.

Novemba 17

Gazeti la Manila hufika na ndege ya asubuhi. Pin hakutaka kwenda. Mimi sikuthubutu. Nanay alivaa viatu vya kanisani akaenda mwenyewe mpaka kwenye duka la magazeti, na mwavuli wangu.

Alirudi amelowa. Gazeti lilikuwa limekunjwa chini ya kwapa, kavu kabisa. Amelilinda kuliko nguo zake. Aliliweka mezani, akalifungua, akaweka kidole chake chenye unga wa kila siku kwenye kucha juu ya jina moja, na akalisukuma kuelekea kwangu.

Sumagaysay, Delfin T.

Nilisoma kwa sauti. Pin akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Akalichukua gazeti, akasoma mwenyewe kutoka juu ya ukurasa, jina kwa jina, mstari kwa mstari, kichwa kimetulia kabisa. Alipofika kwenye lake aliliwekea kidole.

"Ni mimi," akasema.

Nanay akampiga kofi la mgongo lililotoa vumbi. Halafu akanishika uso kwa mikono miwili, unga na maji ya mvua, na akaniambia, "Mwanangu." Mimi, Manang, si yeye.

Novemba 18

Manong Teopisto amekuja na bia na habari: Pin ataanza kwenye daraja tarehe mosi Desemba. Ameomba karatasi nilizosahihisha ili azisambaze kwa wale wa mwaka ujao. Pin alisema atampa maswali tu, majibu ayatume baada ya mwezi. Manong alimtazama, akacheka, kisha akakubali.

Kwa hiyo wikiendi ya mwisho ya mwezi huu ndiyo pekee tuliyonayo kabla hajaanza kazi. Tutapanda meli ya Ijumaa asubuhi, tutafika Silay kabla ya chakula cha mchana. Nanay anatuma vikaratasi mia mbili vya unga, na amesema nitamfundisha mama yetu kuvifunga, mimi, kwa mikono yangu. Andaa daftari lako tubadilishane. Na ukimwona Pin, mkumbatie, mlishe, mtanie unavyopenda, ila nakuomba kitu kimoja, dada yangu: usimwulize kama mtihani ulikuwa mwepesi.